Mwandishi Ale Mkate wa Nani?

Yafaa tujiulize: mwandishi wa habari ale mkate wa nani? Hapa Lubumbashi, kama katika Kongo nzima, desturi ya coupage yajulikana: aitishaye mkutano humpa mwandishi bahasha, na habari hutoka tamu. Basi, msitu utasemewa na nani? Julai 2022 Serikali ilifungua mnada wa vitalu 30 vya mafuta na gesi, vingine ndani ya misitu minene; mnada wa vile vya mafuta ukafutwa Oktoba 2024. Mambo ya namna hiyo yataka mwandishi asiye na deni kwa mwenye mnada.

Wengine hushauri wasomaji wenyewe walipe, kila mmoja kidogo. Shauri hilo ni jema. Lakini msomaji naye hupenda kusifiwa. Miombo kandokando ya mji wetu yakatwa kwa ajili ya makala ya mbabula zetu, maana umeme hukatika, na watoto lazima wale. Gazeti lenye uhuru litaanza na migodi, nasi tutalishangilia. Halafu litafika jikoni petu kuhesabu magunia. Juma lile, je, tutalipa tena?