Kazi Njema ni Mali ya Nani?

Mtu akichimba kisima kijijini, je, maji yale ni yake peke yake? Na mchimbaji yule akionekana baadaye kuwa na madeni, je, watu wasahau ni nani aliyewapatia maji? Tuyapime maswali haya kwa habari za Henry Dunant, mfanyabiashara wa Uswisi.

Tarehe 24 Juni 1859, majeshi ya Ufaransa na Sardinia yalipigana na majeshi ya Austria huko Solferino, kaskazini mwa Italia. Watu wapata 40,000 waliuawa, kujeruhiwa, kutekwa au kupotea. Dunant alikuwa safarini kwa mambo ya biashara yake ya Algeria. Katika mji wa karibu, Castiglione, alikuta majeruhi wamelazwa makanisani, na waganga hawakutosha. Akawauguza pamoja na wanawake wa mji ule, wala hawakuuliza nani ni adui.

Lakini huruma ya siku chache hupita upesi. Dunant alitambua kwamba yahitaji watu waliofundishwa wakati wa amani, na agano la mataifa la kuwalinda majeruhi na wauguzi wao. Mwaka 1862 alitoa kitabu juu ya jambo hilo. Tena, kidole kimoja hakivunji chawa: mwaka 1863 watu watano waliunda kamati huko Geneva, nao ndio mwanzo wa Msalaba Mwekundu. Mwaka 1864 serikali 12 zilitia sahihi agano.

Mwaka 1867 Dunant alifilisika, na watu wengi wa Geneva, hata jamaa zake, walipoteza fedha. Kamati ikamwondoa. Gustave Moynier, mwanasheria, aliiongoza kamati ile mpaka kufa kwake mwaka 1910.

Je, walitenda haki? Katika kumwondoa, naona ndiyo. Anayeshika sanduku la msaada ameshika imani ya wanaotoa na uzima wa wanaopokea. Imani hiyo ikivunjika, anayeumia kwanza ni mgonjwa. Lakini kumwondoa mtu katika cheo si kulifuta jina lake. Dunant aliishi miaka mingi katika umaskini, amesahauliwa, hata mwaka 1895 mwandishi wa gazeti alipomkuta katika hospitali ya Heiden. Mwaka 1901 yeye na Frédéric Passy walipewa Tuzo ya Nobel ya Amani, iliyotolewa mara ya kwanza. Hakuitumia fedha ile kwa raha zake. Alikufa Heiden mwaka 1910.

Basi, mkianzisha chama cha kuwasaidia wagonjwa, yawapasa kushika mambo mawili. Mwanzilishi akubali hesabu zake zikaguliwe, naye akubali kuondoka ikiwa kukaa kwake kwaleta hasara. Nao wanaomfuata wakumbuke kumshukuru. Kisima ni cha wenye kiu. Shukrani ni haki ya aliyekichimba.