Chakula cha mkubwa: neno kwa wanaotamani ukubwa kazini

Usomaji: Nehemia 5:14-19



Kila juma, kwenye sala ya Jumatano, sisi mashemasi tunapokea karatasi za maombi. Zamani karatasi nyingi ziliomba afya, mtoto, na mavuno ya kahawa. Siku hizi ziko nyingine zinazosema hivi: mniombee nipewe kazi ya ukapita, mniombee niwe mwuguzi mkuu wa kituo, mniombee niwe direkta wa shule, mniombee nipewe ufunguo wa depo. Hatuyadharau maombi hayo. Mtume Paulo alimfundisha Timoteo kwamba anayetamani kazi ya usimamizi anatamani jambo jema (1 Timoteo 3:1). Lakini tumeona kwamba wengi wanaomba kiti, na wachache wanaomba moyo wa kukaa juu ya kiti hicho. Ndiyo sababu leo tunataka kumtazama Nehemia, maana yeye alikuwa mfanyakazi kama ninyi. Hakuwa kuhani wala nabii. Kazi yake ilikuwa kumpelekea mfalme Artashasta kikombe cha divai.

Mwenendo wa kwanza: aliona kabla ya kusema.

Nehemia aliposikia kwamba ukuta wa Yerusalemu umebomoka, hakukimbia siku ile ile kuomba cheo. Alilia, akafunga, akaomba. Tukisoma miezi iliyoandikwa katika sura ya 1 na ya 2, tunaona kwamba alingojea karibu miezi minne kabla ya kumwambia mfalme. Na alipofika Yerusalemu alikaa siku tatu kimya. Halafu akaondoka usiku pamoja na watu wachache, akazunguka ukuta, akatazama milango iliyoungua moto, hata akafika fasi ambapo mnyama aliyempanda hakuweza kupita. Baadaye ndipo akaita watu na kusema nao.

Vijana wetu, siku mnapopewa kazi ya kusimamia wengine, mnaanza wapi? Tumeona kijana aliyefanywa kapita asubuhi, na saa sita alikuwa amekwisha kutukana wazee waliobeba magunia ya kahawa tangu yeye hajazaliwa. Hakujua gunia lina uzito gani, wala ngazi gani imeoza. Mtu wa namna hiyo anaogopwa, lakini hafuatwi. Zunguka kwanza ukuta. Uliza yule anayefagia, uliza mlinzi wa usiku, uliza mama anayechambua kahawa. Wao wanajua mahali ambapo mnyama hapiti.

Mwenendo wa pili: aliweka mkono wake kazini.

Katika mstari wa 16 Nehemia anashuhudia kwamba yeye mwenyewe alishika kazi ya ukuta, na watumishi wake wote walikusanyika huko huko. Hakununua mashamba wakati watu walipokuwa wakiuza yao kwa njaa. Na sura ya 4 inatueleza kwamba yeye na walinzi wake hawakuvua nguo zao usiku, kwa sababu ya adui. Ukuta ule ulikwisha kwa siku 52.

Hapa kwetu tunajua salongo. Tunajua pia mkubwa anayefika kwenye salongo saa ambapo watu wamekwisha kunawa miguu. Wazee wetu wanakumbuka Askofu Emmanuel Kataliko, aliyeongoza jimbo la Butembo-Beni tangu 1966 mpaka 1997. Hakuwa wa kanisa letu, lakini jema ni jema hata likiwa kwa jirani. Anakumbukwa kwa juhudi yake ya kuwahimiza watu watengeneze barabara, na ni katika wakati wake kwamba Chuo Kikuu Katoliki cha Graben kilianzishwa hapa Butembo, mwaka 1989. Alipokuwa Askofu Mkuu wa Bukavu, barua yake ya Noeli 1999 iliwachukiza wenye silaha, wakamhamisha kwa nguvu. Tangu Februari mpaka Septemba 2000 alizuiliwa hapa Butembo, mbali na watu wake. Alikufa Oktoba ya mwaka ule ule. Na sisi wenyewe, tusisahau hekalu la Nkamba lililozinduliwa tarehe 6 Aprili 1981. Waaminifu walibeba mawe, na jiwe halikumwuliza mtu cheo chake.

Mwenendo wa tatu: hakula chakula cha mkubwa.

Hapo ndipo moyo wa somo letu. Magavana waliotangulia walichukua kwa watu mkate na divai, tena shekeli 40 za fedha. Na Nehemia anaongeza neno moja tunalopaswa kulishika sana: hata watumishi wao waliwaonea watu. Mkubwa akila kidogo, mtumishi wake atakula zaidi. Shefu akichukua matabishi ya dola tano ili asaini karatasi, mlinzi wake wa mlangoni atataka franga ili akuruhusu kumwona shefu. Wizi hushuka ngazi kama maji.

Lakini Nehemia alikaa miaka 12, na kwa miaka hiyo yote hakula chakula kile, hata kama kilikuwa haki yake kwa desturi. Tena aliwalisha Wayahudi na wakubwa 150 mezani pake. Kwa nini? Anasema ni kwa sababu ya hofu ya Mungu, na kwa sababu mzigo wa watu ulikuwa mzito. Hakungoja mkaguzi. Mungu alikuwa mkaguzi wake.

Wewe unayepima kahawa ya mkulima aliyeshuka mlimani na kilo 30 mgongoni, ukikaza kidole kwenye mzani ili zisomwe 27, umekula chakula cha mkubwa kabla hujawa mkubwa. Je, ukipewa depo nzima utafanya nini? Bwana wetu alifundisha kwamba mwaminifu katika kidogo ndiye mwaminifu katika kikubwa (Luka 16:10). Kilo tatu zile ndizo mtihani wako.

Mwenendo wa nne: hakuwageuza watu kuwa chakula.

Ndugu, sasa tunafika mahali pagumu, na tunaomba wazazi wasiwatoe vijana nje.

Tarehe 1 Agosti 2018 ugonjwa wa Ebola ulitangazwa kwetu, ukianzia Mangina. Ulifika Beni, Butembo, Katwa, na hapa Vuhovi. Mpaka ulipotangazwa kwisha tarehe 25 Juni 2020, watu 3,470 walikuwa wameugua na 2,287 walikuwa wamekufa. Katika wakati ule tuliona aina mbili za wakubwa kazini. Wako waliotoa maisha yao. Daktari Richard Mouzoko, mwana wa Cameroun, aliuawa kwa risasi Butembo tarehe 19 Aprili 2019 akiwa kazini, hospitalini. Alitoka mbali ili watu wetu wapone.

Na wako wengine. Mwezi wa Septemba 2021, tume iliyowekwa na Shirika la Afya Duniani lenyewe ilitoa ripoti yake. Ilihesabu watuhumiwa 83, na 21 kati yao walikuwa wafanyakazi wa shirika hilo. Wanawake na wasichana wa kwetu walieleza kwamba waliahidiwa kazi, au kuachiwa kazi waliyokuwa nayo, kama wangelala na mkubwa. Wengine walisema walishikwa kwa nguvu. Katika nyumba ya msiba, mtu alikuja na ufunguo wa kazi mkononi, akadai mwili wa mtoto wa mwenyewe.

Ni rahisi kuwahukumu wageni. Ni rahisi pia kusema kwamba mambo hayo yaliletwa na Ebola. Sisi hatuwezi kusema hivyo, na leo tunataka kuwaambia sababu, maana tumekaa nayo muda mrefu.

Miaka mingi kabla ya Ebola, msichana mmoja wa kanisa letu alikuwa akichambua kahawa kwenye depo moja mjini. Alikuwa na masomo, aliandika vizuri. Mkubwa wa depo alimwambia kwamba atamfanya mwandikaji wa kitabu cha mizani, lakini kwanza aje kwake usiku. Baada ya sala ya Jumapili alikuja kwetu mashemasi, akaketi kwenye benchi la nyuma, akashika ncha ya kitambaa chake cha kichwa, akatueleza. Tulimwuliza: ulikuwa umevaa namna gani? Tukamwambia: vumilia mwana wetu, omba, kazi ni ngumu kupata, usiharibu jina la mtu. Halafu tulifunga kwa sala, na tulifikiri tumefanya kazi ya Mungu.

Mtu yule hakuwa wa kanisa letu, lakini alikuwa ametupa mifuko miwili ya simenti kwa ajili ya nyumba ya sala. Hatukuitaja simenti ile siku hiyo. Hakuna hata mmoja wetu aliyeitaja. Lakini wote tuliifikiri.

Msichana aliacha kazi, na baada ya muda aliacha pia kusali nasi. Simenti ilitengeneza kizingiti cha mlango wetu. Kila tunapovua viatu na kuingia, nyayo zetu zinaikanyaga.

Mwaka ule ripoti ilipotoka, tulikwenda kwa mama yake kuomba msamaha. Alitupokea vizuri, akatupa viti. Alitusikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema: "Papa mashemasi, leo mmeijua njia ya nyumbani kwangu. Siku ile mlikuwa wapi?" Hatukuwa na jibu, na mpaka leo hatuna. Binti yake hajarudi.

Mwenendo wa tano: alijihesabu pamoja na wenye kosa, akarudisha siku ile ile.

Tazameni sura ya 5 kuanzia mwanzo. Watu walilia kwamba wameweka mashamba yao rehani, na binti zao wengine wametiwa utumwani. Nehemia alikasirika. Lakini kabla ya kutenda alishauriana na moyo wake. Halafu akawakemea wakubwa mbele ya mkutano, na katika mstari wa 10 akajitaja yeye mwenyewe, ndugu zake na watumishi wake, kwamba nao wamekopesha watu. Akataka wote waache riba hiyo, naye akiwa ndani. Na akataka mali irudishwe siku ile ile, si baada ya mavuno.

Kiongozi asiyeweza kusema "tulikosa" atawafundisha watu wake kuficha. Fundi ataficha chombo kilichovunjika, mwuguzi ataficha dawa aliyokosea, mwalimu ataficha daftari. Na kazi itakufa kimya.

Ndugu, labda mtu anasema: mimi sina kiti, nitafanyaje hayo? Mkumbukeni Papa Simon Kimbangu. Kazi yake ya wazi, tangu tarehe 6 Aprili 1921 mpaka alipokamatwa Septemba, haikumaliza hata miezi sita. Baada ya hapo ni gereza miaka 30, mpaka kufa kwake Elisabethville, tarehe 12 Oktoba 1951. Na mkumbukeni Mama Marie Muilu. Katika miaka ile ya mateso alishika waaminifu kwa siri, bila biro, bila muhuri, bila mshahara. Alilala tarehe 27 Aprili 1959, na serikali ilitambua kanisa tarehe 24 Desemba ya mwaka huo. Hakuiona karatasi ile. Lakini nani atasema kwamba hakuwa kiongozi? Upendo, amri na kazi, hayo matatu tuliyofundishwa, hayangoji barua ya kuteuliwa.

Kwa hiyo tunawaambia mambo tuliyokubaliana sisi mashemasi, ili mtuhukumu kwayo. Tangu sasa, msichana au kijana yeyote anayeombwa mwili wake au fedha yake ili apate kazi, aje. Atasikilizwa na mama mashemasi wawili, wala hataulizwa alivaa nini. Asipotaka kwenda peke yake mbele ya wakubwa wa kazi au mbele ya sheria, tutakwenda naye kwa miguu yetu. Na sadaka ya mtu ambaye malalamiko yake yako mezani hatutaipokea, hata kama paa linavuja.

Na wewe kijana uliyeandika karatasi ya maombi, hatutaitupa. Tutaomba upate ukapita huo, na kituo hicho, na ufunguo huo wa depo. Tunaomba tu kwamba siku utakapoketi, mtoto wa mtu akiingia biro yako kutafuta kazi, atoke na kazi au atoke bila kazi, lakini atoke mzima.

Bwana Mungu wetu, utukumbuke kwa mema, kama Nehemia alivyokuomba. Na yule binti, umkumbuke kwanza kabla yetu. Amina.