Firigisi ni ya Nani?

Swali la nani ale firigisi laweza kumchekesha msomaji, akadhani mzee kaishiwa na mambo ya kuandika. Lakini mtoto hujifunza haki mahali chakula kinapopakuliwa, kabla hajasikia habari za mahakama wala bunge. Hapo ndipo anapojua yeye ni nani mbele ya wenziwe.

Katika nyumba nyingi za kwetu, kuku akichinjwa kila kiungo kina mwenyewe. Firigisi ni ya baba, au ya mgeni wa heshima ikiwa baba atampisha. Shingo, miguu na ncha za mabawa huwaangukia watoto. Mama, aliyemkimbiza kuku huyo, akamchinjisha, akamnyonyoa na kumpika, hujipakulia mwisho, na aghalabu hupata mchuzi. Kwingine mambo yalikuwa magumu zaidi: huko Buganda, zamani, mwanamke alimpika kuku kwa ustadi mkubwa bila kuruhusiwa kumla, na mayai vilevile. Nimewahi kuketi na wazee wenzangu kusuluhisha ndoa ambayo ugomvi wake ulizuka kwa sababu firigisi haikuonekana katika bakuli la mume. Mke alisema paka kaichukua. Mume alisema amedharauliwa, na mkono wake ulikuwa umekwisha kusema kabla yake. Tulizungumza tangu asubuhi hadi jua la utosi kuhusu kipande cha nyama kinachoenea katika kiganja cha mtoto.

Lililonirudisha kwenye swali hili ni mapishi ya Kijapani. Japani ilianzisha mpango wa vijana wake wa kujitolea mwaka 1965, nasi Watanzania tumewapokea tangu miaka hiyo ya 1960, wengi wao wakiwa walimu wa hisabati na sayansi. Mmoja wao, aliyefundisha sekondari jirani na shule niliyokuwa nikiiongoza, alinionyesha jinsi wanavyochoma kuku kwao. Wanaita yakitori, maana yake ndege wa kuchoma, basi. Tangu nistaafu na kurejea hapa Hasamba nimekuwa nikiwapikia wajukuu wakija likizo, nami nitaeleza namna yake, kwani anayetaka kufikiri juu ya chakula na akipike kwanza.

Nyama ya paja hutolewa mfupa, ikakatwa vipande vya kuingia kinywani mara moja. Vipande hivyo hutungwa kwenye vijiti vya mianzi vilivyolowekwa majini nusu saa visiungue, kimoja cha nyama, kimoja cha kitunguu cha majani, na kuendelea. Mimi huongeza pilipili hoho na bilinganya, na wakati wa masika uyoga ukipatikana. Mchuzi wake ni wa sosi ya soya na sukari, pamoja na pombe ya mchele ya namna mbili, moja kali na moja tamu, vikichemshwa mpaka vianze kunata. Sosi ya soya naipata Tunduma mjini. Pombe hizo sina, hivyo natia asali, tangawizi na maji ya limau kidogo, na Mjapani akinicheka na acheke. Kijiti huchomwa kikavu kwanza. Nyama ikibadilika rangi pande zote, huchovywa katika mchuzi, hurudishwa motoni, huchovywa tena, mara mbili au tatu, hata ing'ae. Ukichovya mapema sukari itaungua na ndani kutabaki kubichi. Mchuzi ukibaki, uchemshwe upya kabla ya kuutumia. Kuku wa kienyeji ni mgumu, kwa hiyo vipande viwe vyembamba na moto uwe wa makaa yaliyokwisha kushika majivu. Mzoefu wa mishikaki hatapata tabu, ila vijiti vya spoku za baiskeli sivipendi.

Jambo lililonivutia zaidi ya utamu ni kwamba katika kazi hii kuku hupoteza vyeo vyake. Ngozi ina kijiti chake, ini kijiti chake, moyo chake, gegedu chake, na firigisi chake. Wajapani huiita firigisi kwa jina lenye maana ya ini la mchanga, kwa sababu ya changarawe anazomeza ndege. Mteja yeyote mwenye sarafu mfukoni, karani au mpagazi, huagiza kijiti anachokitaka. Isidhaniwe kwamba Wajapani walizaliwa hivyo. Mwaka 675 mfalme wao Tenmu alipiga marufuku ulaji wa nyama kadhaa, na kuku alikuwamo. Na mwaka 1872 ndipo habari zilipoenea kwamba mfalme Meiji amekula nyama ya ng'ombe, watu wakashangaa. Mila nazo zina umri. Huzaliwa, huzeeka, na nyingine hufa watu wakiwa wangali wanaapa kwamba ni za milele.

Hata hivyo tusikimbilie kusema kwamba Mjapani ametutatulia shauri. Kibanda chake hukusanya firigisi za kuku wengi, hivyo kila atakaye hupata. Mimi nyumbani nina kuku mmoja, naye ana firigisi moja, na walaji ni wanane. Mara ya kwanza niliikata vipande vinane kwa haki kamili, nikatunga kipande kimoja katika kijiti cha kila mtu. Kila mmoja alipata kitu cha ukubwa wa kucha, na hapana aliyejua ameonja nini. Mjukuu wangu wa kike, aliye darasa la sita, akasema, "Babu, sasa hakuna aliyekula firigisi." Alisema kweli. Usawa uliowapa wote kitu kisichoonjeka ulikuwa umeteketeza heshima bila kumlisha mtu.

Jirani yangu, mzee mwenzangu, alilisikia jambo hilo akanionya: "Mwalimu, ukiwapa watoto firigisi leo, kesho watakuita kwa jina lako." Sikuyapuuza maneno yake. Nyumba isiyo na alama yoyote ya heshima huwa kama kituo cha mabasi, kila mtu na mzigo wake. Mkubwa kupewa kipande kizuri ni lugha, na lugha ikifutwa hapana budi kuweka nyingine mahali pake. Hata Aristotle wa Uyunani alikwisha kusema kwamba ugomvi huzuka walio sawa wakipewa visivyo sawa, na pia wasio sawa wakipewa vilivyo sawa. Baba aliyelima na mtoto aliyecheza mpira, je, ni sawa? Jirani angemkubali Aristotle. Lakini ningemwuliza pia: na mama aliyelima, kisha akapika, yuko upande gani wa mizani hiyo? Mwalimu Nyerere, ambaye hakuna aliyeyasifu maisha ya jadi kumshinda, aliandika wazi katika Ujamaa Vijijini mwaka 1967 kwamba maisha hayo yalikuwa na kasoro, na hali ya wanawake akaitaja kuwa mojawapo.

Kwa maoni yangu kiini kiko hapa. Tunasema mke humpa mumewe firigisi kwa heshima. Lakini mtu hutoa zawadi pale tu anapoweza kutoitoa. Yule mke wa baraza letu hakuwa na uwezo huo. Firigisi ilipokosekana, alipigwa. Kinachodaiwa kwa fimbo ni kodi, hata kikiletwa kwa magoti na kwa bakuli lililofunikwa kawa. Mume yule alidhani amenyimwa heshima, kumbe hakuwa ameipata hata siku moja, maana hakuwahi kumwachia mkewe nafasi ya kuitoa.

Penye jiko la makaa mambo hugeuka. Mjini wanaume huchoma mishikaki tangu jioni hadi usiku wa manane na hakuna anayewacheka, lakini wakifika nyumbani mikono hufa ganzi. Siku ninazochoma mimi, nakaa kwenye kigoda, kila kijiti kikiiva nakigawa kwa mkono wangu, na wa mwisho kula ni mimi. Kwa mara ya kwanza katika zaidi ya miaka arobaini ya ndoa, firigisi ikawa mkononi mwangu, ni yangu kuitoa au kutoitoa. Sikuikata tena. Niliitunga nzima pamoja na vitunguu viwili, nikaitia chumvi tupu bila mchuzi, nikamkabidhi mke wangu mbele ya watoto.

Aliitazama, akaichomoa kwenye kijiti, akaiweka katika sahani yangu.

Nimelifikiria tendo hilo mara nyingi. Safari hii hapakuwa na fimbo wala desturi ya kumlazimisha. Kama zawadi ipo duniani, yamkini ndiyo ile. Au yalikuwa mazoea ya mkono uliopakua kwa namna moja tangu ujana, mkono usiojua tena njia nyingine? Nilimwuliza usiku ule ule, nikitaka jibu la kweli, kwa nini asiile yeye. Alikuwa akikusanya vijiti. Akasema, "Ilikuwa inapoa, baba, na wewe ulikuwa hujala."