Sitara na Ushahidi

Msanii, awe mchoraji, mpiga picha au mtengenezaji wa filamu, achukuapo sura ya mwanadamu mwenziwe huwa amepokea amana, na amana hiyo ina haki mbili ambazo aghalabu hudhaniwa kuwa zinapingana: haki ya kusitiriwa na haki ya kushuhudiwa. Kaskazini Mashariki ya Kenya haki hizo zimepitishwa katika mitihani mizito.

Mwaka 1991, dola ya Siad Barre huko Somalia ilipoanguka, wakimbizi wa Kisomali walianza kumiminika Dadaab, katika Garissa. Na mwaka 2011, baa la njaa lilipotangazwa Somalia, kambi za Dadaab zilizokusudiwa watu 90,000 zilikuwa zimebeba zaidi ya 400,000. Wapiga picha wakaja kutoka kila pembe ya dunia, na taswira iliyoenea ikawa ya mtoto aliyebaki ngozi na mifupa, mara nyingi bila hata jina lake. Wapo wasemao, na hoja yao si dhaifu, kwamba taswira hizo ziliwazindua walioghafilika, zikaleta chakula na dawa, na kwamba uhai huja kabla ya staha. Fadhila hiyo naikubali. Walakini mafakihi wametufundisha kwamba dharura, ijapohalalisha lililokatazwa, hupimwa kwa kadiri yake, na sioni dharura iliyolazimu mgonjwa avuliwe jina, nasaba na kauli yake ndipo ahurumiwe.

Wapo tena wadhanio kwamba staha ni kunyamaza, na hao mauaji ya Wagalla yawakanusha. Mwezi wa Februari 1984 majeshi ya serikali ya Kenya yaliwakusanya wanaume wa ukoo wa Kisomali wa Degodia katika kiwanja cha ndege cha Wagalla, karibu na Wajir, yakawavua nguo, yakawaweka juani siku kadhaa bila maji, na wengi wakauawa. Serikali awali ikakiri vifo 57, hali manusura wasema ni maelfu. Ukimya uliofuata uliwasitiri wauaji. Mtengenezaji wa filamu Judy Kibinge, katika filamu yake ya mwaka 2015 kuhusu mauaji hayo, aliwaacha manusura waeleze kwa vinywa vyao, na waliodhalilishwa wakasikilizwa kama watu wenye hadhi.

Mwaka huohuo, tarehe 2 Aprili, watu 148 walipouawa katika Chuo Kikuu cha Garissa, picha za maiti zilizagaa mitandaoni, na Wakenya wengi wakazijibu kwa kueneza majina ya waliouawa na picha za uhai wao. Msiba ulishuhudiwa, na wafu wakasitirika.

Basi msanii na aombe idhini, alitaje jina au alifiche kwa hiari ya mwenyewe, na awe radhi kuiacha picha nzuri iliyokosa ruhusa. Na mhariri au shirika lenye kuinunua kazi yake lishiriki dhamana hiyo. Ustadi hauipunguzi hesabu ya mtu, bali huizidisha, maana mwenye uwezo wa kuwafumbua macho maelfu ndiye atakayeulizwa zaidi aliwaonyesha nini, na kwa idhini ya nani.