Je, Mkubwa Aweza Kuwatii Wadogo Wake?

Mtu akisimamia shule miaka thelathini au arobaini, kila kitu humo hupata alama ya mkono wake. Yeye ndiye aliyepima kiwanja, yeye ndiye aliyepanga walimu, yeye anajua ni mtoto gani ambaye baba yake naye alikalia benchi lilo hilo. Hata watu wa kijiji hawasemi tena «shule ya misioni», husema «shule ya Fulani». Naye Fulani akisikia hivyo hufurahi, wala si ajabu. Lakini siku yaja ambapo ni lazima atoe funguo na kumkabidhi mwingine, na pengine huyo mwingine ni yule aliyemfundisha kushika kalamu. Hapo pana swali gumu. Je, yafaa mzee aliyeamuru siku zote aamriwe na mtoto wake wa masomo? Wengi watajibu upesi: Hapana, hiyo ni aibu.

Jibu hilo lisidharauliwe. Kuheshimu wazee ni jambo jema, na amri ya nne ya Mungu yalidai. Lakini heshima na mamlaka si kitu kimoja. Heshima ni deni analolipwa mtu hata akiwa kitandani hawezi kuinuka. Mamlaka ni kazi iliyowekwa mikononi mwake kwa muda, kwa faida ya wengine. Mwenye kuchanganya mambo hayo mawili hudhani kwamba wakimwondolea kazi wamemvunjia heshima. Basi hung'ang'ania funguo, na wanaoumia ni watoto.

Tazameni habari za Mtakatifu Yoane Batista de La Salle, ambaye Papa Pio XII alimweka mwaka 1950 kuwa msimamizi wa walimu wote mbinguni. Alizaliwa mwaka 1651 katika mji wa Reims, nchi ya Ufaransa, katika jamaa ya watu wenye cheo. Alikuwa padri na kanoniko wa kanisa kuu. Mwaka 1679 alifika kwake mtu mmoja, Adrien Nyel, mwenye nia ya kufungulia shule watoto maskini. Padri alimsaidia kidogo, kisha akamsaidia zaidi, na hakujua kwamba njia hiyo ingemchukua miaka arobaini. Wakati ule walimu wa shule ndogo walikuwa watu wa kudharauliwa. Yeye mwenyewe aliandika baadaye kwamba mwanzoni aliwaona kuwa chini ya mtumishi wake wa nyumbani. Hata hivyo mwaka 1681 aliwaingiza katika nyumba yake, wakala naye mezani. Jamaa zake walikasirika sana.

Siku moja aliwahimiza walimu hao wamtumaini Mungu, wasihangaike juu ya kesho. Wakamjibu bila woga: Wewe wasema hivyo kwa sababu una mali na cheo, shule zikianguka, sisi tutakwenda kuomba omba. Mkubwa mwingine angewafukuza. Yeye alinyamaza, akafikiri, akaona kwamba wamesema kweli. Mwaka 1683 aliacha cheo cha ukanoniko, na katika njaa ya mwaka 1684 akawagawia maskini mali yake. Hivyo wadogo walimfundisha mkubwa somo ambalo hakulipata katika vitabu vyake vyote vya teolojia.

Kazi ikakua. Aliagiza watoto wajifunze kusoma kwanza katika Kifaransa, si katika Kilatini kama ilivyokuwa desturi. Na msomaji aliyejifunza herufi katika lugha ya nyumbani mwake ataelewa faida yake mara moja. Aliwapanga kwa madarasa, mwalimu akawafundisha wengi pamoja, bila malipo. Walimu wa mji wa Paris waliotoza watu fedha walimshitaki barazani. Wale aliowakusanya waliitwa Ndugu wa Shule za Kikristu; hawakuwa mapadri.

Mwaka 1694 aliwaambia Ndugu kumi na wawili wachague mkubwa kati yao wenyewe, maana hakutaka shule zishikamane na mtu mmoja, hata kama mtu huyo ni yeye. Walipiga kura, wakamchagua yeye. Akawashurutisha kupiga tena. Jina likatoka lilo hilo. Akakubali, lakini iliandikwa kwamba baada yake mkubwa awe Ndugu, asiwe padri.

Halafu ilikuja miaka ya taabu. Mwaka 1712 aliondoka Paris akaenda mbali, upande wa kusini. Aliwaza kwamba labda yeye ndiye kizuizi cha kazi. Huko Grenoble aliingia darasani akawafundisha watoto wadogo kusoma, badala ya Ndugu aliyekuwa safarini. Je, alitoroka? Inaweza kusemwa hivyo, maana aliondoka pasipo kumweka wazi mtu wa kushika mahali pake. Kutoa funguo ni wema. Kuzitupa njiani ni jambo jingine. Tarehe 1 Aprili 1714 Ndugu wakubwa wa Paris walimwandikia barua: kwa ajili ya ahadi ya utii aliyowawekea wote, wanamwamuru arudi kuongoza. Wana wanamwamuru baba! Naye alirudi mwezi wa Agosti, akauliza wanataka afanye nini.

Ni nani atakayesema kwamba siku ile alipoteza heshima? Yezu Kristu, Mwana wa Mungu, alikaa Nazareti akimtii Yosefu fundi wa mbao. Kama aliye juu ya wote alitii, utii hauwezi kuwa aibu ya mzee.

Mwezi wa Mei 1717 Ndugu walikutana Saint-Yon, karibu na mji wa Rouen, wakamchagua Ndugu Barthélemy, mtu aliyelelewa na yeye mwenyewe. Safari hii funguo zilitolewa mkono kwa mkono. Wanaosimulia maisha yake wanasema kwamba tangu siku ile alitaka kiti cha mwisho mezani, akaomba ruhusa hata kwa mambo madogo. Watu walipomletea maswali ya uongozi, aliwatuma kwa Barthélemy. Hilo pengine lilikuwa gumu kuliko kiti cha mwisho, kwa sababu mzee mwerevu aweza kukaa chini kabisa na bado akatawala kwa kunong'ona.

Alikufa Ijumaa Kuu, tarehe 7 Aprili 1719. Ndugu Barthélemy naye alikufa mwaka uliofuata. Ndugu walikusanyika wakamchagua Timothée, na shule zikaendelea kufunguliwa asubuhi kama kawaida. Huyo aliwaongoza hata mwaka 1751.