Chokaa na Haki ya Mmea

Je, mtu anaweza kuudhulumu mmea? Madrasani, Mombasa, tulifundishwa kwamba uadilifu ni kuweka kila kitu mahali pake, na dhulma ni kukiweka pasipo pake. Maalim alitupigia mifano ya mizani ya muuza nafaka, mali ya yatima, mume mwenye wake wawili. Mmea hakuutaja. Nautaja mimi, kwa sababu naishi Brighton, kusini mwa Uingereza, na kila masika majirani hurudi kutoka kwenye vitalu na rododendroni, vichaka vya maua, zimejaa nyuma ya gari, wakizipeleka kufa.

Hazifi upesi. Brighton imekaa juu ya chokaa, masalia ya viumbe vya bahari, jamaa wa yale matumbawe tuliyojengea nyumba za Mji wa Kale wa Mombasa. Rododendroni hutaka udongo wenye tindikali. Penye chokaa, mizizi yake hushindwa kufyonza madini ya chuma hata yakiwamo tele. Majani hugeuka manjano, mishipa tu ikabaki kijani, kisha kingo zinaungua. Mwaka wa kwanza huchanua vizuri, kwa kuwa matumba ya maua hutungwa kiangazi kilichotangulia, mmea ukiwa bado kitaluni. Mwenye nyumba hupiga picha, akadhani mkono wake una baraka.

Jirani yangu mmoja, mzee mstaafu, huimwagia ya kwake salfa kila mwaka ili kuutia udongo tindikali. Huwa tunabishana ukutani. Yeye hushikilia kwamba ukikipenda kitu utakihangaikia. Mimi humwambia chokaa iliyo chini haina mwisho, salfa yote itamezwa. Siku moja akaniuliza, "Kwa hiyo nimwachie Mungu?" Nikamjibu, "Mungu ameshajibu, mzee. Tazama majani." Alicheka, lakini salfa hakuacha.

Kinachoniuma ni kwamba pake papo, tena karibu. Bustani ya Leonardslee iko katika kaunti hizi hizi za Sussex, safari isiyofika saa moja kwa gari. Udongo wa kule ni wa tindikali. Ndiko Sir Edmund Loder alikozalisha, mwaka 1901, chotara zinazoitwa Loderi, zenye maua makubwa yanayonukia, na leo rododendroni za kule ni miti ya kupita chini yake. Mvua ni ile ile na baridi ni ile ile. Kilichotofautiana ni ardhi.

Atasema mtu: mmea hauhisi, dhulma itoke wapi? Hoja hiyo hainiridhishi. Surat Rahman inaitaja miti miongoni mwa vinavyosujudu. Kinachosujudu, hata kama hakilii, si changu kukichezea. Tena dhulma haipimwi kwa kilio cha anayedhulumiwa peke yake. Hupimwa pia kwa mkono wa mtendaji. Anayenunua uhai akijua hana pa kuuweka amevunja amana, hata kama risiti anayo.

Kuna hadithi inayojulikana sana: Muislamu akipanda mti, akala ndege, mtu au mnyama, huandikiwa sadaka. Rododendroni inanitatiza hapa, kwani majani yake ni sumu kwa kondoo na mbuzi. Hata asali inayotokana na baadhi ya aina zake hulevya. Xenophon aliandika jinsi wanajeshi wa Kigiriki walivyoila karibu na Trabzon yapata mwaka 400 kabla ya Kristo, wakaanguka chini kama walevi, wasiweze kusimama. Sadaka gani hiyo? Nadhani ni ya macho, na nadhani inatosha, ilimradi mpandaji ajue anachokipanda na anakipanda wapi.

Kwa maana pasipo pake kuna sura mbili. Brighton rododendroni hufa. Killarney, Ayalandi, aina ya ponticum iliyoletwa kwa ajili ya mapambo ilipapenda mno: imejaza misitu ya mialoni, na chini ya kivuli chake miche ya mialoni haioti. Magazeti huiita mgeni mvamizi, na najua maneno hayo yakitoka msituni huishia kwa nani. Siyakubali. Mimi nilikuja kwa miguu yangu na akili yangu, nikajifunza lugha na kuvaa koti. Ponticum haikuchagua, ililetwa na wenye mashamba makubwa. Ing'olewe, ndiyo, mialoni nayo ina haki. Lakini lawama ibaki kwa aliyeipanda.

Mimi ninayo moja, ya kutoka Kisiwa cha Yakushima, Japani. Ni fupi, yenye kuridhika na chungu. Ukigeuza jani lake changa utakuta chini limefunikwa manyoya laini ya rangi ya kahawia, kama mahameli. Matumba ni ya waridi. Yakifunguka yanakuwa meupe. Maua yakinyauka nayakwanyua kwa kidole gumba na cha shahada, polepole, maana chipukizi jipya limekaa papo hapo chini yake. Nainywesha maji ya mvua kutoka pipani, kwa sababu maji ya bomba ya hapa yametoka kwenye chokaa hiyo hiyo. Agosti siiachi ikauke, ndio mwezi unaotunga maua ya mwakani.

Nawe, kabla hujaenda kitaluni, chota udongo mkavu wa bustani yako, uutie siki kidogo. Ukitoa povu, una chokaa. Nunua chungu kipana na udongo wa tindikali, au panda yasmini ardhini na mwache mwenzio wa Leonardslee apande rododendroni.