Kuku Mgeni na Kamba Mguuni



Wazee walisema kuku mgeni hakosi kamba mguuni. Methali hii tuliifundisha darasani miaka mingi, lakini maana yake tumeipata hapa nyumbani Kibiti, baada ya kustaafu, tena kwa hasara.

Tulibaki na kuku mmoja tu, koo mzee, baada ya kicheche kumaliza wenzake. Tukamwonea huruma kwa upweke wake, tukanunua tembe watatu sokoni. Jioni ile ile tukawafungua kamba na kuwaingiza bandani. Asubuhi tukamkuta mmoja amedonolewa kichwa hadi damu, amejikunyata pembeni. Siku ya tatu akafa. Tulimkasirikia yule koo, tukataka kumchinja. Ndipo tukajiuliza: kosa hili ni la nani?

Kuku hana dhambi. Kuku wana vyeo vyao, na hupeana vyeo kwa kudonoana: nani atangulie kula, nani alale mahali pazuri. Mgeni akiingia, vyeo huvurugika, na mwenyeji hutetea mahali pake. Wala hatari ya mgeni si ya kubuni, maana kideri huweza kuingia na kuku wa sokoni kikamaliza banda zima. Aliyekosa ni mwenye banda, yaani sisi, tuliokuwa na akili ya kujua haya tusiitumie.

Tukawatoa wawili waliosalia, tukaanza upya. Tuliwatenga mbali kwa wiki mbili, na kuku wote wakapata chanjo ya kideri, ile ya tone la jicho. Kisha tukawaweka ndani ya tenga karibu na koo, waonane bila kufikiana. Chakula na maji tukaweka mahali pawili, ili mnyonge asizuiwe. Mwisho tukawaingiza bandani usiku, wakati kuku wametulia. Asubuhi walidonoana kidogo bila damu, tukawaacha. Leo wanalala pamoja.

Sisi watu wa Rufiji tunayajua mambo haya kwa upande wa binadamu. Mwaka 1968 mto ulifurika sana, na Serikali ikawahamisha watu wa bondeni kwenda vijiji vipya vya nchi ya juu. Baada ya mwaka 2006 walikuja wafugaji walioondolewa Ihefu na Usangu, pamoja na ng'ombe zao. Aprili 2024 mafuriko yakawatoa tena watu majumbani, Rufiji na Kibiti. Kila mara mwenyeji alikuwa na hofu, na hatusemi hofu yake ni uongo. Ng'ombe akiingia shambani, mpunga unaliwa, na watoto wa mkulima wanalala njaa. Kumtaka mfugaji afuate mipaka ni haki.

Lakini tenga lina siku zake. Mtu amekaa kijijini miaka kumi na mitano, amezika mtoto wake hapa, na bado anaitwa "wa kuja." Huyo tunamweka tengani kwa ugonjwa gani?

Mtu atasema, ndiyo desturi ya viumbe, hata kuku hufanya hivyo. Tunajibu: kuku hakupewa amri. Sisi tumepewa, katika Walawi sura ya 19, ya kumpenda mgeni; na Waisraeli walikumbushwa kwamba nao walikuwa wageni Misri. Wengi wetu katika mtaa huu tuliletwa na kazi, na majirani Waislamu ndio waliotuonyesha kisima na kutukopesha jembe la kwanza.

Inatupasa kuungama jambo moja. Jumapili fulani mama mmoja aliyehamishwa na mafuriko alikuja kusali nasi. Aliketi benchi la nyuma, akaondoka bila mtu kumwuliza jina lake. Hakuna aliyemdonoa. Hata hivyo hakurudi, nasi sote tulikuwamo kanisani siku ile.

Kamba ya kuku mgeni hufungwa na mwenye nyumba ili kuku asipotee, na mgeni hawezi kujifungua mwenyewe. Basi ndugu, Jumapili ijayo kila mmoja atazame benchi la nyuma kabla ya kutoka. Mungu atujalie macho ya kuona na moyo wa kukaribisha. Amina.